Mkondo Hauvuti Chini

Mhadhara kwa walimu, wazazi na viongozi wa vijiji, Singida mjini



Najua wapo waliosikia mada ya leo wakadhani mwandishi wa tangazo amekosea. Mkondo wa bahari, Singida? Tuko kwenye uwanda wa juu, mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari, na barabara ya kwenda Dar es Salaam ina karibu kilomita 700. Maji yetu ni Ziwa Singida na Ziwa Kindai hapa mjini, yenye chumvi na heroe wake. Ni Kitangiri kule Iramba. Ni malambo ya mifugo, na makorongo ambayo kiangazi chote ni mchanga mtupu. Mtoto wa hapa anaweza kumaliza darasa la saba bila kuona wimbi kubwa kuliko lile linalosukumwa na upepo wetu pale Kindai mchana.

Lakini mtoto huyo anasafiri. Tangu treni ya umeme ianze kufika Dodoma mwaka 2024, anayepanda basi hapa alfajiri na kuunganisha treni hiyo anaweza kulala Dar es Salaam siku hiyohiyo. Shule zinapeleka wanafunzi ziara Bagamoyo na Dar es Salaam. Shangazi yuko Kigamboni, mjomba yuko Mbagala, na likizo ya Desemba ni ndefu. Siku ya pili ya Krismasi mtoto wa Puma au wa Kiomboi anajikuta Coco Beach kati ya maelfu ya watu, anawaona wenzake wa mjini wakicheza majini, naye anavua shati na kuwafuata. Wenzake wamelizoea lile eneo. Yeye ndiyo kwanza anaionja chumvi ya bahari, na hakuna mtu aliyewahi kumweleza chochote isipokuwa maneno mawili: uwe mwangalifu.

Sababu ya pili ya kuleta bahari Singida ni kwamba maji yana tabia moja kila mahali. Mtoto aliyeuelewa mkondo wa bahari amekwisha kulielewa korongo la Januari kwa zaidi ya nusu. Nitaanzia mbali, halafu nirudi nyumbani.

Kwanza ukubwa wa jambo lenyewe. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2024, lilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, yaani zaidi ya 30 kila saa. Kwa watoto wa miaka 5 hadi 14, kufa maji ni sababu ya tatu ya vifo. Tangu mwaka 2000 kiwango cha vifo hivi duniani kimeshuka kwa asilimia 38. Kwa kanda ya Afrika kimeshuka kwa asilimia 3 tu. Ndani ya hesabu hiyo hazimo ajali za meli na vivuko, ambazo ndizo tunazozikumbuka kwa majina: MV Bukoba ya 1996, Spice Islander ya 2011, MV Nyerere ya 2018. Mtoto anayezama peke yake lamboni hapewi jina wala siku ya maombolezo. Anazikwa, na wiki inayofuata ng'ombe wanapelekwa kunywa palepale.

Sasa tuzungumze juu ya chunusi.

Wote hapa mmelelewa na hadithi za chunusi, zimwi la majini. Pwani anakaa baharini, bara anakaa kwenye bwawa na mtoni. Anamshika muogeleaji mguu na kumvuta chini. Sina ugomvi na wazee waliotuambia hivyo. Walitaka tusiende majini peke yetu, na hawakuwa na njia nyingine. Pengine hadithi hiyo imeokoa wengi. Ugomvi wangu ni mmoja: chunusi anavuta kwenda chini, na mkondo hauvuti kwenda chini. Mkondo unachukua kwenda nje. Tofauti hiyo inaweza kuonekana ndogo ukiwa umekaa kwenye kiti hapa ukumbini, lakini kwa mtoto aliyemo majini ndiyo uhai wake. Anayeamini anavutwa chini atapigana kwa nguvu zote abaki juu na arudi alikotoka. Atachoka kwa dakika chache, na atakayemzamisha ni huo uchovu. Anayejua kwamba anapelekwa tu, na kwamba maji yanayompeleka yako tayari kumbeba, atalala chali na kupumua.

Mkondo huu unatokeaje? Mawimbi yanapofika karibu na ufukwe yanaumuka na kuvunjika, na kila wimbi linalovunjika linasukuma maji kuelekea nchi kavu. Maji yanarundikana kwenye ukingo, juu kidogo kuliko yale ya nje. Hayawezi kukaa hapo, lazima yarudi. Lakini mbele yake kuna mawimbi mengine yanayokuja, na mara nyingi kuna fungu la mchanga lililojijenga chini ya maji sambamba na ufukwe. Fikirini ng'ombe mia waliosongamana zizini asubuhi, na mlango wa zizi ni mwembamba. Ng'ombe wa pembeni hawarukii ua. Wote wanaelekea mlangoni, na pale mlangoni ndipo mwendo unapokuwa wa kasi na mtu mwenye akili hasimami. Penye mwanya kwenye fungu, maji yote yaliyorundikana kulia na kushoto yanaelekea hapo na kutoka kwa pamoja. Huo ndio mkondo. Upana wake unaweza kuwa mita chache tu au makumi ya mita, na ukivuka pale mawimbi yanapovunjika unafifia wenyewe, kwa sababu maji yamekwisha pata nafasi.

Walimu, haya mnaweza kuyaonyesha darasani bila kuiona bahari. Tafuteni karai kubwa, liinamisheni kidogo, jazeni mchanga wa korongo upande wa juu. Jengeni tuta la mchanga katikati, kutoka ukingo hadi ukingo, kisha choreni mwanya kwa kidole. Mimineni maji taratibu nyuma ya tuta, huku mtoto mmoja akinyunyiza bluu ya kufulia. Rangi itatambaa pembeni mwa tuta, ifike kwenye mwanya, halafu ichomoke. Rob Brander, mtaalamu wa fukwe katika Chuo Kikuu cha New South Wales kule Sydney, anafanya jambo hilohilo kwenye bahari yenyewe: anamwaga rangi ya zambarau majini na watu waliosimama mchangani wanaona mstari unaotoka kwenda nje kwa kasi wasiyoitarajia. Yeye ana bahari, ninyi mna karai. Halafu wekeni jani kavu juu ya maji na waulizeni watoto: jani limezama? Halijazama. Limekwenda wapi? Limekwenda nje, likiwa juu ya maji muda wote. Mtoto wa darasa la nne akiliona jani hilo kwa macho yake, huna haja ya kumkaririsha chochote.

Jambo la pili la kumwonyesha ni gumu zaidi, kwa sababu linakwenda kinyume na macho yake. Mtoto asiyejua kuogelea vizuri anapofika baharini hachagui penye mawimbi makubwa na povu jingi. Anaogopa. Anachagua mahali palipotulia, kati ya povu la kulia na povu la kushoto, penye maji ya rangi nzito na uso laini. Na mara nyingi pale ndipo penye mwanya. Pametulia kwa sababu pana kina kirefu na mawimbi hayavunjiki hapo. Wakati mwingine utaona povu, mchanga uliotibuka au majani ya bahari yakielekea nje badala ya kuja ufukweni. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya bahari ni ya miguu, si ya mikono: fika, simama mchangani mahali pa juu kidogo, tazama maji kwa dakika kadhaa kabla ya kuvua viatu, halafu muulize mvuvi au muuza madafu wa hapo watu wanaogelea upande gani. Mtoto wa mchungaji anaijua kazi ya kusimama na kutazama kuliko mtoto wa mjini. Hapo ana faida.

Tuseme amekwisha ingia na mkondo umemchukua. Mikondo mingi inakwenda nusu mita kwa sekunde, lakini mikali imepimwa ikifika mita mbili na nusu. Kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 2024, Mchina Pan Zhanle aliogelea mita 100 kwa sekunde 46.40 na kuweka rekodi ya dunia. Pigeni hesabu: ni kama mita 2.15 kwa sekunde. Hata aliyeweka rekodi hiyo, ndani ya bwawa lisilo na wimbi, hawezi kushindana na mkondo mkali. Mtoto wa Singida ashindane nao kwa lipi? Basi asishindane. Alale chali, kidevu juu, masikio ndani ya maji, mikono wazi, apumue. Ainue mkono mmoja na kuita kama ana pumzi. Kama anajua kuogelea, aogelee kuufuata ufukwe, kulia au kushoto, kuelekea pale anapoona povu la mawimbi yanayovunjika, kwa maana penye povu ni kina kifupi na mawimbi yenyewe yatamsukuma kurudi.

Kwa miaka mingi waogeleaji waliambiwa maneno hayo ya kuufuata ufukwe tu. Mwaka 2010 watafiti wakiongozwa na Jamie MacMahan walichapisha walichokiona baada ya kuachia maboya yenye vipimo vya GPS kwenye mikondo ya fukwe za Marekani, Ufaransa na Uingereza. Mengi hayakupelekwa bahari kuu. Yalizunguka, yakarudi yenyewe kwenye kina kifupi ndani ya dakika chache. Wengine wakaanza kusema basi kuelea peke yake kunatosha. Watafiti wa Australia wakajaribu wakaona kwamba hakuna njia moja inayofaa kila mkondo. Mimi, kwa mtoto, ninaweka kuelea kwanza. Kuogelea upande kunataka aliyejifunza kuogelea, na wa kwetu wengi hawajajifunza. Kuelea kunamfaa hata yule ambaye hajajifunza.

Pwani yetu ina tabia yake ya kuongeza juu ya hayo. Sehemu nyingi zina mwamba wa matumbawe ulio mbali na ufukwe. Mawimbi makubwa yanavunjikia huko, na ndani mtu anaona maji mapole kama ya beseni. Ila maji hayo mapole yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, tofauti ya kujaa na kupwa Dar es Salaam na Zanzibar inazidi mita tatu. Maji yote hayo yanatoka kupitia milango ya mwamba na midomo ya vijito. Kupwa huchukua kama saa sita, na karibu nusu ya maji huondoka katika saa mbili za katikati. Wakati huo mkondo wa mlangoni haufai hata kwa mvuvi mwenye ngalawa, sembuse mtoto. Na yakijaa, yanamzingira mtoto aliyetembea mbali kuokota makombe akasahau kugeuka nyuma.

Hapa nina zawadi kwa walimu wa jiografia. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Kwa hiyo mtoto aliyesimama uwanjani Ikungi usiku, akitazama mwezi mpevu, anaweza kusema kwa uhakika kwamba kule Dar es Salaam bahari inajaa sana na kupwa sana wiki hii, ingawa hajawahi kuiona. Sijui somo gani linalompa mtoto wa bara umiliki wa bahari kwa bei rahisi kama hiyo.

Wapo watakaosema elimu ya darasani juu ya maji yasiyoonekana haina maana. Wasikilize kisa hiki. Tarehe 26 Desemba 2004, siku ya Jumapili, tetemeko la ardhi karibu na Sumatra lilisukuma mawimbi ya tsunami kuvuka Bahari ya Hindi. Kwenye ufukwe wa Mai Khao, Phuket, alikuwepo msichana wa Kiingereza wa miaka 10, Tilly Smith, likizoni na wazazi wake. Aliona bahari inatoa povu na kufanya mambo yasiyo ya kawaida. Akakumbuka somo la jiografia alilofundishwa wiki mbili kabla, akawapigia wazazi wake kelele mpaka wakamsikia, na watu wapatao mia moja wakaondolewa ufukweni kabla ya wimbi kufika. Mkoa alikotoka, Surrey, hauna pwani hata hatua moja. Mwalimu wake alifundisha bahari kwa watoto wa bara kama ninyi mnavyoweza kufundisha.

Wimbi hilohilo lilitufikia na sisi, mchana wa siku ileile, saa nyingi baada ya tetemeko. Kenya walikuwa wamepata habari wakawaondoa watu kwenye fukwe, na huko alikufa mtu mmoja. Tanzania walikufa watu wasiopungua 10, wengi wao wakiwa wanaogelea. Ilikuwa ni siku ya pili ya Krismasi, siku ya watoto kwenda pwani.

Kabla sijarudi Singida, lazima nigombane na msemo mmoja tunaoupenda. Tunasema mfa maji haachi kutapatapa. Kama sitiari ya siasa na biashara, sawa. Kama maelezo ya mtu anayezama, msemo huo unaua. Francesco Pia alikuwa mlinzi wa ufukwe wa Orchard Beach, New York, na katika miaka ya 1970 alieleza alichokiona na kukipiga picha za filamu mara nyingi: mtu anayezama kwa kawaida hapigi kelele. Mdomo wake unazama na kuibuka, na kila unapoibuka anahitaji kuvuta hewa, hana ya kupigia ukelele. Mikono haipungi, inakandamiza maji pembeni kama anayejaribu kujiinua juu ya ukuta. Mwili umesimama wima. Hali hiyo hudumu kati ya sekunde 20 na 60, kisha anakwenda. Anayepiga kelele na kupunga mikono yuko taabani, ndiyo, lakini bado ana nguvu. Aliyenyamaza ghafla, ametazama juu, nywele zimemfunika uso na hazisogezi, huyo ndiye wa kukimbiliwa. Mama aliyekaa ufukweni akisubiri kusikia ukelele hatausikia. Wala mchungaji aliyelala chini ya mgunga hatasikia mwenzake akizama lamboni hatua ishirini kutoka alipo.

Na lambo ndilo linalonileta nyumbani. Lambo halina wimbi wala mkondo. Tatizo lake ni ukingo. Lilichimbwa kwa mashine, kingo zake zimekatwa mkato, na udongo wa mfinyanzi ukilowa hauna pa kushika. Mtoto anaingia maji ya magoti, anapiga hatua moja, na chini hakuna chini. Anageuka kupanda, udongo unamteleza kwenye vidole. Mashimo ya kifusi yaliyoachwa kando ya barabara zetu ni hivyohivyo, na ni mabaya zaidi, kwa kuwa jana yalikuwa makavu na leo mvua imeyajaza, maji mekundu ambayo hayaonyeshi kina. Ninaweka wazi maoni yangu: shimo la kifusi lisilofukiwa karibu na shule ni jambo la kuulizwa kwenye mkutano wa kijiji kwa jina la aliyelichimba. Kuwaonya watoto tu ni kuwabebesha kazi ya watu wazima.

Korongo, nalo, ni ndugu wa mkondo. Kuna mwinuko, kuna maji mengi, kuna njia moja ya kutokea. Vilima vyetu vya mawe havinywi mvua. Inateremka yote, kwa pamoja. Mvua inaweza kunyesha kwenye vilima ambavyo mtoto havioni, huku kwake jua linawaka na wenzake wanacheza mpira kwenye mchanga au dada zake wanachota maji kwenye visima vya mchangani. Dalili zake: muungurumo wa mbali usiokoma kama inavyokoma ngurumo ya radi, upepo wa ghafla wenye harufu ya udongo, maji membamba yenye povu na vijiti yakitangulia. Mtoto afundishwe kwamba akiona moja ya hizo anapanda ukingo, haokoti ndoo, harudii viatu. Ng'ombe atajitafutia mwenyewe, na mzazi amwambie mtoto hivyo mapema, kwa mdomo wake, maana wapo watoto waliorudi korongoni kwa kuogopa fimbo ya baba kuliko maji.

Maji yanayokimbia, yenye kina cha sentimita 15 tu, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 60 zinatosha kubeba magari mengi. Maji yakiongeza kasi mara mbili, nguvu yake inakuwa mara nne. Ndiyo maana korongo ulilolivuka salama saa nne si korongo hilohilo saa tano. Aprili 2024 kule Arusha gari lililobeba wanafunzi lilisombwa kwenye korongo asubuhi wakielekea shule, na watoto wakafa. Dereva akisema anaijua njia, mwalimu aliyemo garini awe na ruhusa ya kusema hapana. Tuwape ruhusa hiyo hapa leo.

Kwa wadogo kabisa sitakaa sana, kwa sababu hapo hakuna cha kufundisha mtoto. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anazama kwenye ndoo. Kichwa chake ni kizito, akitumbukia hawezi kujigeuza. Funika pipa, mwaga maji ya ndoo uliyomaliza kufulia, ziba kisima cha wazi. Msimu wa kulima, mama yuko shambani na mtoto ameachiwa dada wa miaka saba; hao wawili wote ni watoto, na hapo ndipo jirani anapohitajika.

Dada huyo huyo ndiye anayechota maji. Wavulana wanajifunza kuogelea kwa wizi, lamboni, wakichunga. Wasichana hawajifunzi kabisa, na wao ndio wanaoinama kisimani kila siku. Kaskazini mwa Unguja, mradi wa Panje ulianza mwaka 2011 kuwafundisha watoto kuogelea, na wasichana wakapewa mavazi ya kuogelea yanayofunika mwili wote ili wazazi waridhike, na walimu wa kike. Wapo wazazi waliosita, kisha wakakubali. Wanawake waliojifunza wamekuwa walimu wa wengine. Katika picha za mradi huo utaona wasichana wanajifunza kuelea wakiwa wamekumbatia madumu matupu ya plastiki ya manjano.

Dumu hilo mnalijua. Barabara yetu kuu yote imepangwa madumu hayo yakiwa na mafuta ya alizeti. Dumu la lita 20, tupu, limefungwa kifuniko barabara, linabeba karibu kilo 19 juu ya maji. Mtu aliye majini, kwa kuwa mwili wake unabebwa na maji yenyewe, anahitaji kilo chache tu za kumsaidia kuweka kichwa juu. Yaani dumu moja linatosha watoto wawili na zaidi. Na dumu hilo linahitajika, kwa maana kwetu vifo vinakuja viwili viwili au vitatu: mmoja anazama, kaka anamrukia, rafiki anamrukia kaka. Anayezama anamkumbatia mwokoaji shingoni na kupanda juu yake. Hafanyi kwa ubaya, mwili wake unatafuta hewa. Kwa hiyo mtoto asimrukie mtoto mwenzake. Alale kifudifudi ukingoni amnyoshee fimbo ya kuchungia. Amtupie dumu. Dada afungue kitenge, arushe ncha. Na mmoja akimbie kuita mkubwa. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lina namba 114, bure.

Akitolewa na hapumui, msimning'inize miguu juu wala kumkamua tumbo maji yatoke. Dakika zinapotea. Alazwe chali, kichwa kielekezwe nyuma kidogo, apuliziwe pumzi tano mdomoni, kifua chake kikiinuka kila mara, halafu akandamizwe kifua katikati na kupuliziwa tena, kwa zamu, mpaka msaada ufike. Msalaba Mwekundu wanafundisha haya kwa vitendo na nawasihi walimu wakuu wawaalike. Mimi kwa maneno siwezi kuwafundisha mikono yenu.

Mtaniuliza watoto waelee wapi, ikiwa malambo ndiyo haya na mengine yana kichocho. Ni swali la haki. Bangladesh wanafundishia kwenye vidimbwi vya vijiji, wamejenga majukwaa ya mianzi ndani ya maji yenye kina kinachojulikana, mtoto hawezi kuzama kupita kimo cha jukwaa. Sisi tunaweza kuanza na bwawa la hoteli pale lilipo, mwenye nalo akiombwa siku moja kwa wiki, kwa darasa moja moja. Ni pole pole, na wa vijijini wengi hawatafikiwa. Ndiyo maana sikuanza na kuogelea. Nimeanza na kusimama na kutazama, na ninamalizia na dumu, ambavyo havisubiri bwawa.

Pendekezo langu kwa kamati za maji za vijiji ni hili: kila lambo liwe na nguzo, na kwenye nguzo dumu tupu lenye kamba ya katani ya mita 15 au 20. Mwenyekiti mmoja ameniambia leo kabla hatujaingia humu kwamba litaibiwa usiku wa kwanza. Litaibiwa kama ni dumu zima. Basi yeyusheni kifuniko kwa moto kigandane na shingo, kisifunguke tena. Halifai kuchotea maji, halifai kuuzia mafuta, na bado linaelea. Kamba ndiyo itakayoibiwa, kwa sababu kamba ni ya kufungia ndama; kwa hiyo ifungwe vipande vipande, kwa mafundo mengi, mwizi aone hasara kuifungua, na mtoto apate pa kushikia.